Malalamiko: mitungi ya gesi ya kilo 50 yenye uzito pungufu, na bei iliyopandishwa bila taarifa

Karakana ya Ufinyanzi,
Kariobangi, Nairobi.
21 Julai

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Kusambaza Gesi,
Nairobi.

Bwana/Bibi,

KUH: MITUNGI MIWILI YA KILO 50 ILIYOLETWA WIKI ILIYOPITA

Mtungi wa kwanza umechapwa uzito wa kilo 41.5 ukiwa mtupu. Ukijaa unapaswa kuwa na kilo 91.5, lakini kwenye mizani ulikuwa na 88.2. Wa pili ni kilo 42.0 mtupu, nao ulisoma 89.6 badala ya 92.0. Jumla ya upungufu ni kilo 5.7, ilhali ankara yenu inadai kilo 100 kamili. Tuliipima mitungi hiyo kabla ya kukata lakiri, dereva wenu akiwapo, na alitia saini kwenye hati ya kupokelea mzigo. Kwa kuwa lakiri zilikuwa nzima, gesi haikupungulia njiani wala kwetu.

Upungufu huu hauishii kwenye hesabu ya pesa. Tanuri letu huchoma vyombo vya glezi (vilivyopakwa tabaka linaloyeyuka na kung'aa kama kioo) hadi nyuzi 1220, na sehemu ya mwisho, kuanzia 1100 kwenda juu, ndiyo inayokula gesi nyingi. Ndipo pia mitungi inapokuwa imepoa na gesi yake kupungua. Gesi iliyo katika hali ya kimiminika ndani ya mtungi hugeuka mvuke kwa kunyonya joto kutoka kwenye chuma na hewa inayouzunguka. Kadiri kimiminika kinavyoshuka, ndivyo eneo la chuma linalokipasha joto linavyopungua. Julai asubuhi, Nairobi ikiwa kwenye nyuzi 11 au 12, mtungi hutoa jasho, kisha ukungu wa barafu huonekana sehemu ya chini. Gesi hii ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani hutangulia kutoka kwa sababu huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Butani, ambayo huchemka karibu na sifuri, hubaki chini na haina msukumo wa kutosha kulisha vichomeo.

Mshale wa kipimo cha msukumo wa gesi ukishuka, joto la tanuri hukwama. Kukwama kwenyewe ni hasara, kwani gesi inaendelea kuungua bila nyuzi kuongezeka. Halafu hewa inayoingia inazidi gesi, moto unakuwa na oksijeni nyingi, na glezi ya chuma iliyokusudiwa kutoka kijani hutoka ya manjano. Udongo usiofika joto lake haufungi vinyweleo, hivyo kikombe hunyonya maji na kuvuja taratibu. Huwezi kumuuzia mteja chombo cha namna hiyo, na kukichoma upya ni gesi nyingine tena.

Tumeunganisha mitungi miwili kwa bomba moja ili kila mmoja utoe nusu ya mzigo, na hilo linasaidia. Haliwezi kusaidia pale mtungi unapofika tayari ukiwa na upungufu na mchanganyiko wenye butani nyingi. Mitungi tunayorudisha bado ina gesi chini, nanyi mnaichukua bila kutulipa fidia yoyote.

Kuna jambo la hatari zaidi. Dereva wenu aliwashauri mafundi wetu wawashe jiko la makaa karibu na mtungi uliopoa ili upate nguvu. Tafadhali mkomesheni. Kimiminika hutanuka haraka kikipashwa moto, valvu ya usalama hufunguka, na gesi inayotoka, ambayo ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye moto huohuo.

Kuhusu bei, tulijibiwa kwa simu kwamba EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na mafuta, ndiyo iliyopandisha. Kila tarehe 14 EPRA hutangaza bei za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Gesi ya kupikia haimo kwenye tangazo hilo. Bei yenu ni uamuzi wenu, na tuna haki ya kuelezwa sababu kabla ya mzigo kushushwa, si baada ya kuuona kwenye ankara. Tunakubali kwamba gharama hupanda; tunachokataa ni kuelezwa uongo.

Tunaomba mturejeshee thamani ya kilo 5.7 kwa bei ya ankara hiyo. Tangu sasa kila mtungi upimwe mlangoni mwetu kabla ya kusainiwa, na mtungi unaorudi upimwe vilevile ili gesi iliyobaki ikatwe kwenye mzigo unaofuata. Tuleteeni kwa maandishi kiasi cha propani na butani katika gesi yenu ya Juni hadi Agosti, na kama mnaweza kutuletea yenye propani zaidi miezi hiyo, tuambieni bei yake. Mabadiliko ya bei yatufikie kwa maandishi siku 7 kabla.

Tunatarajia jibu ndani ya siku 14. Likikosekana, tutapeleka hati hizi kwa idara ya vipimo na mizani ya serikali na kwa EPRA. Tumeambatisha ankara, hati yenye saini ya dereva na picha za mizani zikionyesha namba za mitungi yote miwili.

Wenu,
Wafinyanzi wa Karakana