Karatasi ya kwanza ya kusitisha mapigano itaje mahali na tarehe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumzie jambo linalopitwa haraka kila zinapoandikwa habari za mazungumzo ya Doha na Washington kuhusu vita vya mashariki mwa Kongo. Tunaelezwa nani amepeana mkono na nani, nani amesusa kikao, na nani amemtuhumu mwenzake kuvunja ahadi. Ni mara chache tunaelezwa kilichoandikwa hasa: askari wa upande huu wasimame kwenye kilima gani, wa upande ule warudi nyuma hadi wapi, kuanzia siku gani, na ni nani atakayekwenda kuhakikisha kwa macho yake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo usitishaji wa mapigano unapopona au kufa, na wapatanishi wa siku za mwanzo wangepaswa kutumia nguvu zao zote hapo kabla ya kugusa swali la ardhi ni ya nani.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa Pembe ya Afrika. Tarehe 6 Mei 1998 askari wa Eritrea na wa Ethiopia walirushiana risasi karibu na Badme, kijiji kilichoko upande wa magharibi wa mpaka wao, na tarehe 12 jeshi la Eritrea likaingia na vifaru na kukitwaa. Kabla mwezi huo haujaisha, mpango wa amani ulikuwa umekwisha kuwekwa mezani. Susan Rice, aliyekuwa akisimamia masuala ya Afrika katika wizara ya mambo ya nje ya Marekani, na Paul Kagame, ambaye wakati huo alikuwa Makamu wa Rais wa Rwanda, walipendekeza kwamba jeshi la Eritrea lirudi lilikokuwa kabla ya tarehe 6 Mei, utawala wa kiraia uliokuwepo urejeshwe, mpaka uchorwe kwa kufuata mikataba ya kikoloni, na eneo zima la mpaka liondolewe majeshi. Ethiopia ilikubali. Eritrea haikupinga kuchorwa kwa mpaka wala kuondolewa kwa majeshi, bali ilikataa kuwa ya kwanza kurudi nyuma, kwa hoja kwamba kuondoka Badme ni sawa na kukiri kuwa Badme si yake.

Nawaomba wasomaji waizingatie hoja hiyo, kwa sababu ndiyo hoja inayokwamisha mazungumzo ya namna hii karibu kila mahali. Kiongozi haogopi kurudisha askari wake kilomita kumi. Anachoogopa ni kwamba mahali askari wake wanaposimama siku ya kutia saini patahesabiwa kuwa ndipo mpaka wake ulipo. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliliona hilo, na mpango wake uliotolewa Ouagadougou mwezi Novemba 1998 ulitamka waziwazi kwamba kuondoka kwa jeshi la Eritrea katika Badme na maeneo yanayokizunguka hakutaamua mapema hatima ya eneo hilo. Hiyo ilikuwa tiba sahihi, ila haikutolewa kikamilifu: maeneo hayo yanayokizunguka kijiji yanaishia wapi? Miezi ikapita katika kuulizana na kujibizana, na Februari 1999 vita vikalipuka upya. Eritrea iliukubali mpango huo tarehe 27 Februari, ikiwa imekwisha kupoteza Badme kwa nguvu ya silaha, na kufikia hapo Ethiopia nayo haikuwa na haraka tena.

Mapigano yalisitishwa kwa saini mjini Algiers tarehe 18 Juni 2000. Ukiziweka karatasi zile mbili pamoja, ya Ouagadougou na ya Algiers, utakuta kiini chake ni kilekile: kurudi katika mistari ya tarehe iliyotajwa, bila kuathiri haki ya yeyote juu ya ardhi, na mpaka kupelekwa kwa wataalamu. Kilichoongezwa ni yale ambayo yangeweza kuandikwa mapema zaidi: majeshi ya Eritrea yakae umbali wa kilomita 25 kutoka mistari ya Ethiopia, umbali ambao mizinga haifiki, na kati yao wakae walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Eneo hilo la katikati lilikuwa lote ndani ya ardhi ya Eritrea. Nchi iliyokataa kuondoka katika kijiji kimoja mwaka 1998 ikajikuta, miaka miwili baadaye, inaondoa majeshi yake katika ukanda mzima wa nchi yake yenyewe. Makadirio ya kawaida ya waliouawa katika vita hivyo ni kati ya watu 70,000 na 100,000, na sehemu kubwa yao walikufa baada ya mpango wa kwanza kuwa tayari umeandikwa.

Katika miezi hiyo hiyo ya mwanzo palikuwa na makubaliano mengine madogo ambayo watu wengi wameyasahau. Tarehe 5 Juni 1998 ndege za Ethiopia zilishambulia uwanja wa ndege wa Asmara, na ndege za Eritrea zikaangusha mabomu Mekele, yakaangukia shule ya Ayder na kuua watoto pamoja na wazazi waliokimbilia kuwaokoa. Siku tisa baadaye, kwa upatanishi wa Rais Bill Clinton kwa njia ya simu, pande zote mbili zilikubali kusimamisha mashambulizi ya anga. Hakuna aliyetakiwa kwanza kusema Badme ni ya nani. Jambo lilikuwa moja na lilieleweka, mtu yeyote angeweza kuinua macho na kuona kama limevunjwa, na kwa miezi karibu minane, hadi vita vilipoanza tena Februari 1999, miji ile haikupigwa kwa ndege. Naliona kuwa ushahidi mkubwa kwamba hata watu waliokasirikiana hivyo huweza kutimiza ahadi iliyo finyu na iliyo wazi.

Wananchi wa kawaida wa Uganda hawahitaji kufundishwa jambo hili. Majirani wanapogombania ukanda wa shamba, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mwenye busara hatangulii kumtangaza mwenye haki. Huamuru kwanza kwamba asionekane mtu analima wala kuvuna kati ya mti huu na jiwe lile mpaka wazee watakapotembea mpakani, na huyataja mbele ya mashahidi kwa sababu anajua kwamba amri isiyotaja mti wala jiwe itavunjwa kabla ya jua kuzama.

Swali la nani alianza, nalo huweza kungoja, hata kama kungoja kunauma. Tume ya madai kati ya Eritrea na Ethiopia ilitoa uamuzi wake juu ya swali hilo tarehe 19 Desemba 2005, zaidi ya miaka saba baada ya risasi za kwanza, na ikaona kwamba Eritrea ilivunja sheria ya kimataifa mwezi Mei 1998. Tume ya mpaka ilikuwa imekwisha kusema, tarehe 13 Aprili 2002, kwamba Badme iko upande wa Eritrea. Maamuzi yote mawili yalipatikana bila mizinga. Ni kweli kwamba Ethiopia haikuutekeleza uamuzi wa mpaka na kwamba uhusiano haukufunguliwa hadi Julai 2018, na miaka hiyo ya kutazamana kwa silaha iliwaumiza sana vijana wa Eritrea, ambao baadhi yao tunaishi nao hapa Kampala katika mitaa ya Kabalagala na Kansanga. Siiti hali hiyo amani. Ninachosema ni kwamba ilikuwa hali ambayo watu waliweza kuiishi wakaendelea kudai haki yao, na waliokufa mahandakini kati ya 1998 na 2000 hawakupata nafasi hiyo.

Najua msomaji wa umri wangu ataniuliza kuhusu Kagera, na ana haki ya kuuliza. Tarehe 1 Novemba 1978 Idi Amin alitangaza kwamba ardhi ya Tanzania iliyoko kaskazini ya Mto Kagera, zaidi ya kilomita za mraba 1,800, imekuwa sehemu ya Uganda. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulijaribu kupatanisha, na Mwalimu Julius Nyerere akakataa kuzungumza kana kwamba aliyevamia na aliyevamiwa wako sawa. Alitaka kwanza uvamizi ulaaniwe. Vita vikaendelea hadi Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, na wengi wetu tulishukuru kwamba utawala ule ulianguka. Je, hoja yangu ingeliacha taifa hili chini ya Amin? Nimelitafakari swali hilo kwa muda mrefu. Jibu langu ni kwamba Mwalimu alikuwa sahihi kukataa wito wa kusimamisha mapigano usiosema askari wa Amin waende wapi, kwa kuwa wito wa namna hiyo humwachia mvamizi alichokwisha kukitwaa. Hata hivyo, kutaja tarehe na mstari hakumfichi mvamizi. Karatasi inayosema kila jeshi lirudi lilikokuwa kabla ya mashambulizi ya Oktoba 1978, na waangalizi wawepo Mutukula na Kyaka, inamwonyesha kila mtu ni jeshi lipi lililovuka, hata kama wanadiplomasia wanaogopa kulaani. Sidai kwamba Amin angeitii. Nadai kwamba angeikataa hadharani, na dunia ingekuwa na kipimo cha kumpimia.

Kipimo hicho, tukumbuke, kilikuwepo mwanzo. Oktoba 1972, baada ya wakimbizi wenye silaha kuvuka kutoka Tanzania kuja kumpindua Amin na kushindwa, Uganda na Tanzania zilikubaliana mjini Mogadishu, kwa upatanishi wa Siad Barre, kila upande uondoe majeshi yake umbali wa kilomita 10 kutoka mpakani. Uhasama haukuisha, lakini nchi hizi mbili hazikupigana vita kamili kwa miaka sita.

Sasa nirudi Kongo. Mimi naishi Kisoro, na tangu waasi wa M23, wanaodaiwa kuungwa mkono na Rwanda, walipoutwaa mji wa mpakani wa Bunagana tarehe 13 Juni 2022 tumeona jirani zetu wakivuka kwa mafungu na kupelekwa kituo cha wakimbizi cha Nyakabande, wengine wakirudi makwao kila tangazo la kusitisha mapigano linaposomwa redioni, na kisha kukimbia tena. Matangazo hayo yamekuwa mengi. Lile la Luanda lilianza kutumika tarehe 4 Agosti 2024, na Januari 2025 Goma ikatekwa. Machi 2025 Rais Tshisekedi wa Kongo na Rais Kagame wa Rwanda walikutana Doha wakataka mapigano yasimame mara moja. Julai 19 likatiwa saini Azimio la Misingi kati ya Kinshasa na M23, Oktoba 14 ukafuata utaratibu wa kusimamia usitishaji huo, na Novemba 15 mkataba wa mfumo wenye itifaki nane, ambazo mbili tu ndizo zilikuwa zimekwisha kukamilika. Desemba 4 marais walikuwa Washington. Siku chache baadaye Uvira ikaangukia mikononi mwa M23.

Tazama mpangilio huo: utaratibu wa kusimamia ulikuja karibu miezi saba baada ya wito wa kusitisha. Katika miezi hiyo kila upande ulimlaumu mwenzake kwa kusonga mbele, na hapakuwa na chombo kilichokubaliwa na wote wawili cha kusema jana mlikuwa kijiji hiki na leo mko kile. Isitoshe, wapo wapiganaji wa Wazalendo, makundi ya wenyeji yanayopigana upande wa serikali ya Kongo, ambao hawakuwa na kiti cha kwao mezani, ilhali wao ndio wanaokabiliana na M23 katika milima mingi. Mkataba wa Lusaka wa kusitisha vita vya Kongo, wa tarehe 10 Julai 1999, uliugua ugonjwa unaofanana na huo, kwani makundi yenye silaha yaliyotajwa ndani yake hayakuwa miongoni mwa waliotia saini, na hata waliotia saini, Uganda na Rwanda, walipigana wao kwa wao Kisangani, Agosti mwaka huohuo na tena Juni 2000, katikati ya mji wa watu wasiokuwa na ugomvi nao. Tarehe ileile ya 19 Desemba 2005 niliyoitaja juu, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliona kwamba Uganda inawajibika kwa yaliyotendeka Kongo, na mwaka 2022 ikatuamuru tulipe dola milioni 325. Kwa hiyo mlipa kodi wa Uganda ana kila sababu ya kuuliza karatasi za leo zinasema nini.

Ninaloomba ni hili. Serikali yetu, iliyo mwanachama wa Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu na yenye askari ng'ambo ya mpaka, iwahimize wapatanishi watangaze ramani ya mahali kila kundi lilipo kwa tarehe moja iliyokubaliwa, pamoja na tamko kwamba kuwapo hapo hakumpi yeyote haki ya kutawala hapo. Wazalendo waitwe watie saini kuhusu mahali tu, hata kama hawataitwa kwenye mambo mengine. Na majina ya vilima, mito na njia panda yasomwe kwa Kiswahili, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha wanayoielewa askari wengi wa kila upande katika milima ile, na anayoielewa pia mama anayeuza viazi Bunagana na anayetaka kujua kama soko la wiki ijayo liko upande wenye bunduki au upande usio nazo. Nawe, Ndugu Mhariri, itifaki zinazofuata zitakapotoka, ningeomba uzichapishe zenyewe kwa ukamilifu, hasa kurasa zinazotaja maeneo, hata ikibidi picha za viongozi wakipeana mikono zikose nafasi.

Msomaji wako,
Kisoro, Uganda