Ufunguo uko shingoni mwa askari: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mintarafu: Milango inayofungwa kwa nje wakati wa zamu ya usiku

Mimi ni fundi wa cherehani katika kiwanda cha nguo hapa Mombasa. Jina la kiwanda sitalitaja, maana bado nina watoto wa kusomesha.

Zamu yetu huingia saa mbili usiku. Tukishaketi, askari huvuta mlango wa nyuma, akapiga kufuli kwa nje na kwenda zake getini. Ufunguo ameutia kamba ya kiatu, anauvaa shingoni. Tukiuliza, tunaambiwa vitambaa vinaibwa.

Mwezi uliopita mtu alisahau pasi juu ya kitambaa cha polista. Hata moto haukuwaka, ulikuwa moshi tu, ule mweusi unaokaba koo. Tuligonga mlango mpaka viganja vikauma. Askari alikuwa amevuka barabara kunywa chai. Mtungi wa kuzimia moto tunao, umesimama nyuma ya majora, mshale wake umelala kwenye nyekundu. Aliyetuokoa ni mama mmoja wa meza ya kukatia: aling'oa plagi, akakivuta kile kitambaa kwa mkasi na kukizamisha kwenye ndoo yetu ya maji ya kunywa.

Wiki iliyofuata tukaletewa karatasi tutie sahihi kwamba tumefanya mazoezi ya kujiokoa. Mazoezi gani? Pale penye kibao cha kijani cha kukusanyikia ndipo lori hulala.

Kanuni unazijua kunishinda. Zile za 2007 za kupunguza hatari ya moto zinataka mazoezi angalau mara moja kila miezi 12, zinataka pia kikosi cha kuzima moto kutoka kwa wafanyakazi wenyewe. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huohuo, inataka mlango ufunguke upesi kwa ndani maadamu kuna mtu humo.

Hicho kisingizio cha wizi ni cha kale. Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha Triangle kule New York kiliungua, wakafa watu 146, wengi wao wasichana wa cherehani kama sisi. Mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa, na huko nako mabegi yalikuwa yakipekuliwa kwa kuhofia wizi.

Semina hatuombi, wala mabango. Ukaguzi wa mchana nao hautaona kitu: mchana mlango u wazi, mizigo inaingia na kutoka. Tunaomba wakaguzi waje saa nane usiku bila taarifa. Wakishaingia, wamwambie askari afunge kama kawaida yake, kisha wajaribu kutoka.

Wako,
Fundi wa zamu ya usiku
Mombasa