Seli Zinapokufa Siku Moja Baada ya Kuyeyushwa

Lalamiko tunalolipokea mara nyingi kutoka kwa wateja tunaowapelekea seli zilizogandishwa ni kwamba zimeyeyushwa leo, na kesho yake zimekutwa zimekufa. Kosa huweza kuwa letu, lakini tukimwomba mteja atusimulie alichofanya, aghalabu tunakuta mambo yaliharibika katika dakika chache za mwanzo, kabla seli hazijaingia kwenye inkubeta, yaani kabati la joto la kukuzia seli.

Seli hugandishwa polepole, takriban nyuzi 1 ya Selsiasi kwa dakika, katika kimiminika chenye DMSO (kemikali ya kuzikinga seli dhidi ya barafu) ya kiasi cha asilimia 10, ili maji yapate muda wa kutoka ndani yake na barafu isizipasue. Kuyeyusha hutaka haraka. Kichupa kitolewe kwenye naitrojeni kimiminika na kuingizwa mara moja katika maji ya nyuzi 37, kifuniko kikibaki juu ya maji, kisha kiondolewe barafu iliyobaki ikiwa ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Kinga ya uso ni lazima, kwa sababu naitrojeni iliyopenya kichupani inaweza kukilipua.

Hapo ndipo wengi hukosea. Kwa kuwa wamesikia kwamba DMSO ni sumu, humimina midia yote (kimiminika cha kulishia seli) kwa mkupuo, na seli zilizokuwa zimejaa DMSO hufyonza maji ghafla, zikavimba na kupasuka. Midia yenye joto iongezwe tone kwa tone huku mrija ukizungushwa taratibu. Ndipo seli zitenganishwe na kimiminika hicho kwa sentrifuji (mashine ya kuzungusha mirija ili seli zitue chini) ya mwendo mdogo na kuwekwa katika midia mpya. Zihesabiwe kwa rangi ya buluu ya tripani, ambayo hupenya seli zilizokufa tu, la sivyo hakuna atakayejua zilikufa lini.

Tuseme pia kuhusu friza ya nyuzi -80: inafaa kwa muda mfupi tu, na hatupaswi kulaumiwa kwa kichupa kilichosahaulika humo kwa miezi.

Mwenye lalamiko atutumie namba ya kichupa, mahali kilipohifadhiwa na hesabu ya seli hai mara baada ya kuyeyushwa. Tutayeyusha kichupa kingine cha kundi hilohilo katika maabara yetu, na seli zake zikifa vilevile, tutampelekea nyingine bila malipo.