Kabla ya kumlaumu askari wa akiba, hesabuni saa zake

Ndugu Mhariri,

Mjadala kuhusu askari wa kudumu, aliye jeshini muda wote, na askari wa akiba, mwenye kazi yake ya kiraia na anayekuja mafunzoni siku chache, ukifunguliwa, haukawii kuishia kwenye tabia za watu. Wa kudumu humwita mwenzake mwanajeshi wa wikiendi. Wa akiba naye hulalamika kwamba wa kudumu wanajiona wao ndio jeshi na wengine wote ni wageni. Naomba nafasi niseme kwamba kinachowagombanisha zaidi ni saa. Dharau huja baadaye, saa zikishakuwa hazitoshi na mtu mmoja akaachiwa kumalizia kazi ya mwingine.

Chukueni kalamu. Askari wa National Guard, jeshi la akiba la majimbo ya Marekani, kwa kawaida ana siku 39 za mafunzo kwa mwaka: wikiendi moja kila mwezi na siku 15 mfululizo za kambi. Uingereza, vikosi vingi vya akiba hudai siku 27. Wikiendi ya Marekani huhesabiwa kuwa vipindi vinne vya saa nne nne, yaani saa 16. Sasa tuanze kutoa, kwa makadirio ya kombania ya watu 100. Kuitwa majina na matangazo, saa moja. Kutoa bunduki ghalani, kila moja kwa namba yake na sahihi yake, dirisha likiwa moja, saa moja na nusu, na hapo mtunza silaha awe na mkono mwepesi. Masomo ya lazima ya darasani, ambayo makao makuu huyaongeza na ni nadra kuyapunguza, saa mbili. Kwenda uwanja wa shabaha na kurudi, saa mbili. Kusafisha silaha na kuzirudisha inavyopaswa, saa mbili. Zinabaki saa saba na nusu, na ndani ya hizo ndimo tunamtaka mtu ajue kulenga, redio, huduma ya kwanza, doria, na kuongoza wenzake.

Saa zikibana, kinachokatwa ni cha mwisho kwenye ratiba, nacho ni usafi wa silaha. Jumapili saa kumi alasiri basi linanguruma nje, na watu wana safari ndefu na kazi ya kesho. Bunduki inapanguswa kwa kitambaa cha mafuta, inang'aa, inapokewa. Ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, na kwenye uso wa bolti, chuma kinachoifunga chemba, masizi ya baruti yamebaki, na masizi hushika unyevu. Silaha ya askari wa kudumu itatolewa tena keshokutwa na kosa litaonekana mapema. Hii ya askari wa akiba itakaa rafuni wiki nne. Ikitoka, chemba ina vidoa vya kutu, ganda la risasi linakwama badala ya kuruka, na mstari mzima wa shabaha unasimama kwa ajili ya mtu mmoja. La sivyo, mtunza silaha wa kudumu ataziona Jumatatu asubuhi na kuzifungua moja baada ya nyingine, bila msaidizi wala siku ya kufidiwa. Anayetaka kujua chuki inapikwa wapi akasimame mlangoni pa ghala hilo Jumatatu.

Dawa yake haina gharama kubwa. Risasi ya mwisho ipigwe saa sita mchana, si saa tisa. Ghala likatae bunduki iliyofungwa: ije imefunguliwa, bolti mkononi, na mkaguzi aingize kitambaa cheupe chemba. Na seksheni moja, kikundi cha askari wachache, ibaki nyuma kwa zamu, ilipwe kwa saa za ziada, ikague zote mara ya pili kabla rafu hazijafungwa kwa kufuli.

Upande wa kudumu nao una deni lake. Jumamosi asubuhi wa akiba wanafika, gari halijawashwa tangu mwezi uliopita na betri imekufa. Betri za redio hazikuchajiwa. Pampu ya mafuta imechomolewa kwenye gari la kikosi cha akiba ikafungwa kwenye la kikosi cha kudumu, kwa sababu lile linatembea kila siku, na daftari la gari halina hata mstari. Watu 30 wanakaa kivulini hadi saa nne na nusu. Askari wa kudumu akipoteza asubuhi, ataifidia mchana au kesho yake. Wa akiba ataifidia mwezi ujao, kama mwezi ujao hakutatokea jingine. Magari yawashwe na kuendeshwa Alhamisi, si kuunguruma tu uani, ili hitilafu ipate siku nzima ya fundi. Na kipuri kisitoke gari moja kwenda jingine bila sahihi za pande zote mbili.

Somo kubwa zaidi katika jambo hili ni la Brigedi ya 48 ya National Guard ya jimbo la Georgia. Kwenye karatasi, brigedi hiyo ilikuwa sehemu ya Divisheni ya 24 ya jeshi la kudumu. Divisheni ilipopelekwa Saudi Arabia mwaka 1990 kuikabili Iraq, ilijazwa na brigedi nyingine ya kudumu, na hao wa Georgia wakaachwa. Waliitwa kazini tarehe 30 Novemba 1990, wakafanya mazoezi mpaka jangwa la Fort Irwin, kambi ya mafunzo huko California, wakathibitishwa kuwa tayari tarehe 28 Februari 1991, siku mapigano yaliposimama. Siku 90. Wa kudumu waliona ushahidi kwamba akiba haifai, na wa akiba waliona ushahidi kwamba walifungiwa mlango. Kwangu mimi, kosa lilitangulia wito. Siku 39 kwa mwaka hazimtoshi mtu kuendesha vifaru vya Abrams na magari ya deraya ya Bradley kwa mbinu za brigedi nzima, kuyatunza, na kukuza masajenti wa kuyasimamia. Watu waliahidiwa kazi ambayo kalenda yao haikuibeba. Anayeandika kwenye ripoti kwamba kikosi kiko tayari, huku akijua kinahitaji miezi mitatu, anawadhulumu askari wa pande zote mbili.

Kwa hiyo wapewe kiwango kinacholingana na saa zao. Wakati wa amani, seksheni na platuni, yaani seksheni chache pamoja, ziive kabisa: shabaha, mawasiliano, kubeba majeruhi, amri za koplo na sajenti. Mbinu za batalioni na kwenda juu zisubiri wito, na siku za kuzifundisha ziandikwe wazi tangu mwanzo.

Kisha kuna hili la kuokoteza. Vita ikija, makamanda wa kudumu hupenda kuchukua mmoja huku, watatu kule, wazibe mapengo yao. Uingereza iliitumia akiba yake kwa namna hiyo kwa sehemu kubwa huko Iraq na Afghanistan. Aliyechukuliwa anafika kwa watu wasiomjua, sajenti wake ameachwa nyumbani, na kikosi alichotoka kinabaki mifupa. Mwaka 1942 huko Papua, katika vita dhidi ya Japani, Australia ilikuwa na batalioni za wanamgambo katika brigedi moja, zikiwemo ya 39 na ya 53. Ya 53 ilikuwa imekusanywa kutoka vikosi vingi, baadhi ya watu wakitiwa humo muda mfupi tu kabla ya meli kung'oa nanga, na ikayumba vibaya. Ya 39, iliyopata maofisa waliokwisha pigana ng'ambo, akiwemo kamanda wake Ralph Honner, ilishikilia kijiji cha Isurava mpaka vikosi vilivyotoka vitani Mashariki ya Kati vikafika. Waliokuwa wakiitwa askari wa chokoleti, watakaoyeyuka kwenye joto, hawakuyeyuka. Basi waiteni platuni nzima na sajenti wake, na maofisa wazoefu wapelekwe kwao miezi kabla ya safari.

Malipo nitayagusia kwa haraka. Mishahara ya pande mbili ikipita mifumo miwili, wa akiba hulipwa kwa kuchelewa mwezi wa kwanza, wakati ambapo mwajiri wake wa kiraia ameshasimamisha mshahara. Ahamishiwe mfumo wa kudumu kabla hajavaa buti. Barua ya mwajiri, uchunguzi wa meno na chanjo vimalizwe kila mwaka, si wiki ya wito.

Na mkufunzi wa kudumu anayepangiwa kikosi cha akiba asiadhibiwe kwa kupangwa huko. Anafanya kazi Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu ofisi zote zinamtaka. Miaka hiyo ihesabiwe sawasawa na ya uwanjani atakapofikiriwa cheo. Jumatatu na Jumanne zake za mapumziko ziandikwe kwenye ratiba ya mwaka, mstari mmoja na wikiendi yenyewe, zisiweze kufutwa kwa simu ya ofisa anayetaka ripoti.

Wako,
Mkufunzi wa silaha