Bajaji za umeme zichajiwe usiku wa manane, si saa ya kupika

Mhariri,

Mimi ni mama mwenye mashine ya kusaga na kukoboa hapa Uyole, Mbeya. Siku hizi kila ninapokaa nasikia kwamba bwawa la Nyerere kule Rufiji limekamilika, mitambo tisa, megawati 2,115, kwa hiyo mambo ya umeme yamekwisha na mwenye bajaji au gari la umeme achomeke muda wowote anaotaka. Naomba nafasi katika gazeti lako nipinge hilo la "muda wowote".

Umeme unaweza kuwa tele Rufiji, Kidatu na Kihansi, lakini kuingia mtaani kwetu lazima upite kwenye transfoma iliyoko juu ya nguzo. Hata ghala lijae mahindi vipi, yatapita kwenye mdomo uleule wa mashine. Na transfoma hiyo huelemewa kuanzia saa moja jioni hadi kama saa nne usiku: taa, runinga, pasi, na sasa haya majiko ya umeme tunayohimizwa tuachane na mkaa. Ni saa hizohizo wateja wangu wametoka shamba na sokoni, wamejipanga na ndoo zao za mahindi. Na ni saa hizohizo dereva wa bajaji anarudi nyumbani, anaegesha, anachomeka.

Mtoto wa dada yangu ana bajaji ya umeme na huilaza uani kwangu. Betri yake ikiisha kabisa inataka kama uniti sita, na chaja inavuta kilowati moja na ushee. Mtu atasema hiyo ni pasi tu. Kweli, moja ni pasi. Lakini kumi zikichomekwa pamoja, umeongeza mashine nzima ya kusaga ya hosipawa 15 kwenye transfoma ileile, na hakuna aliyeomba kibali wala kulipia fezi tatu (laini tatu za umeme badala ya moja ya nyumba ya kawaida) kama nilivyolipia mimi. Magari ndiyo mazito zaidi. Chaja ya ukutani ya gari hufika kilowati 7, kwa hiyo transfoma ya kVA 50, yaani ya kubeba kama kilowati 50, inajazwa na magari saba, kabla hata jirani hajawasha taa.

Wanaougua kwanza ni wenye mota. Umeme ukishuka nguvu, mota haipunguzi kazi. Inavuta mkondo mkubwa zaidi ili isage vilevile, inapata moto, ovalodi, ile swichi ya kuilinda, inakata. Ukilazimisha, waya wa ndani unaungua, na gharama ya kusuka mota upya anaijua aliyewahi kuilipa. Tena nyumba nyingi zimeunganishwa fezi moja moja. Bajaji nyingi zikiangukia fezi moja, hiyo inaelemewa na mbili zinabaki nyepesi, na mota ya fezi tatu inachukia kutolingana huko kuliko hata umeme mdogo. Mteja anaona mama ana mashine mbovu.

Sina ugomvi na bajaji za umeme. Hazina moshi, hazipigi kelele, na kijana wangu ameacha kulalamikia bei ya petroli. Ugomvi wangu ni na saa.

Nilipomwambia asubiri achomeke saa tano usiku, alinijibu, "Mama mkubwa, nikilala sitaamka kuchomeka, na alfajiri nina abiria wa stendi ya Nane Nane." Ana haki. Ila hesabu inamruhusu: uniti sita kwa chaja ile ni saa tano hivi, akianza saa tano usiku inajaa saa kumi alfajiri. Kinachotakiwa ni chaja yenye akili ya kusubiri yenyewe. Tulifunga taima kwenye soketi, ya kawaida tu, bajaji inachomekwa jioni na inaanza kula umeme watu wakiwa wamelala.

Lakini taima ya uani kwangu haitasaidia mtaa mzima, kwa sababu nyingine ya wazi. Kwenye LUKU, mita zetu za kulipia kabla, uniti ya saa mbili usiku na uniti ya saa nane usiku bei yake ni ileile. Dereva asubiri ili apate nini? Na mwenye nyumba aliye kwenye kundi la nafuu la uniti 75 kwa mwezi akichaji bajaji kila siku ya kazi anafika uniti 150 peke yake bila kuhesabu taa, anatolewa kwenye nafuu, na kuanzia hapo anaona kuchaji usiku au jioni yote ni hasara tu.

Majirani zetu Kenya wameweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme tangu 2023, na saa ambazo watumiaji wa umeme ni wachache wanalipa nusu. Uingereza tangu 30 Juni 2022 chaja mpya za nyumbani lazima ziuzwe zikiwa zimepangwa kukwepa saa 2 hadi saa 5 asubuhi na saa 10 jioni hadi saa 4 usiku siku za kazi, na mwenyewe akitaka anabadilisha. Wameongeza kitu kingine kilichonifurahisha: kila chaja inajichelewesha kwa bahati nasibu hadi dakika 10, ili saa ya bei nafuu ikigonga zisiamke zote kwa mpigo. Sisi tunalihitaji hilo zaidi yao. Umeme ukikatika usiku na kurudi, kila kitu kilichochomekwa huamka dakika moja, na hapo ndipo fyuzi za nguzoni hulia.

Niseme pia, wanaodai umeme wa usiku unamwagika bure wanatia chumvi. Maji ya Mtera yasipotumika usiku yanabaki bwawani. Faida ya kuchaji usiku iko kwenye nyaya na transfoma, ambazo zinapumzika saa hizo, na kwenye fedha ambazo hazitatumika kubadilisha transfoma kila mtaa mapema kuliko ilivyopaswa.

Kwa hiyo ombi langu kwa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ambao ndio wanaoidhinisha bei, ni bei ya usiku kwa wanaochaji, na mita inayotambua saa. Kwa Shirika la Viwango, chaja za bajaji na magari zisiingie nchini bila uwezo wa kupangiwa muda na kujichelewesha. Lifanyike sasa bajaji hizi zikiwa bado za kuhesabika hapa Mbeya, Iringa na Njombe. Zikishajaa, nani atamwambia dereva arudishe chaja aliyokwisha kununua?

Na bei hiyo ya usiku ikitufikia sisi wenye mashine, magunia ya wateja wa jumla nitayakoboa saa sita usiku. Majirani zangu wakikuandikia kuhusu kelele, tafadhali wape nafasi.

Mwenye mashine,
Uyole, Mbeya