Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti yetu: nirudishieni daftari la mwanangu

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam na heshima zako. Nakuandikia mbele za watu kwa sababu barua mbili nilizokuandikia faraghani hazikujibiwa. Ya kwanza niliileta kwa mkono wangu, ikagongwa muhuri, na nakala ninayo. Ya pili niliileta wiki tatu baadaye. Mara ya tatu sikuleta barua. Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi yako tangu saa mbili asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, ndipo karani akaniambia umekwenda mkutanoni tangu zamani. Mimi nauza mahamri na mbaazi. Unga naukanda saa tisa usiku, na siku nisipokuwa kwenye meza yangu hakuna mtu wa kuniuzia.

Nilikuwa nimenuia kuendelea kusubiri. Lakini Jumatano iliyopita usiku, shuleni kwa mwanangu, wamerudia tena msako wa bwenini. Nimepata habari kwa mzazi mwenzangu, mwanawe amempigia akilia. Basi subira yangu imeishia hapo.

Mheshimiwa, mwanangu yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana iliyo chini ya ofisi yako. Shule siitaji kwa kuwa bado anasoma hapo na nataka amalize. Muhula huu simu ya mwalimu mmoja ilipotea. Ni jambo baya, na mwizi ashikwe. Ila kwa ajili ya simu hiyo moja, saa tatu usiku wasichana wa bweni zima walitolewa vitandani, wakapangwa foleni kwenye sakafu ya bafu, wakaamriwa wavue nguo za kulalia na mwanamke mmoja akawapapasa mmoja baada ya mwingine. Waliokuwa katika siku zao hawakuruhusiwa kusimama kando. Mlango ulikuwa wazi. Nje alikuwepo bawabu wa zamu, mwanamume mtu mzima, na tochi yake, na mwanangu aniambia mwanga wa ile tochi ulikuwa ukiingia na kutoka. Hicho ndicho anachokikumbuka kuliko vyote, ule mwanga. Simu haikupatikana kwa mtoto yeyote.

Kulipokucha, masanduku yakamwagwa nje. Godoro la mwanangu lilichanwa kwa wembe pembeni, sponji ikatokeza. Pakiti za sodo zilipasuliwa moja moja na kutupwa kwenye nyasi zenye umande. Bunge letu la Kenya lilipitisha mwaka 2017 kwamba kila msichana wa shule ya umma aliyebaleghe apewe sodo bure na serikali, maana ilionekana ni haki ya mtoto wa kike kusoma bila fedheha. Hizo zilizolowa nyasini nilizinunua mimi, kwa hela za mahamri, na mwezi ule hakuwa na nyingine.

Kwetu pwani, Mheshimiwa, na wewe ni mtu wa hapa, mtoto wa kike hustiriwa. Mwanangu alipovunja ungo, hata mimi niliyemzaa sikumkagua. Nilimwita somo yake, mwanamke wa kumfunda, wakakaa chumbani, mlango umefungwa na pazia limeshushwa, mimi niko jikoni nasubiri kuitwa. Mwili wake ulikuwa na heshima hiyo nyumbani. Sasa akija nyumbani hukokota kigoda na kukiegemeza kwenye mlango wa bafu juu ya komeo, na nyumba nzima tumo wawili tu, mimi na yeye.

Haya yote nilikuwa nikiyaeleza katika barua ya kwanza. Lililonileta mara ya pili ni daftari.

Siku ya msako walichukua kwenye sanduku lake daftari lenye jalada la samawati, alilolifunga kwa utepe wa leso yangu kuukuu. Mwanangu si msemaji. Asiyoweza kuyasema huyaandika humo, tangu babake alipofariki. Jumatatu, kwenye paredi, mwalimu mmoja mwenye cheo alilifungua mbele ya shule nzima, akasoma ukurasa mmoja kwa sauti ili aonyeshe mambo wasichana wanayoyaandika badala ya kusoma. Ukurasa ule ulikuwa habari zangu mimi. Ulikuwa na jina la ugonjwa wangu na saa ninazomeza dawa.

Ugonjwa huu nimeuficha miaka minane. Mamangu amekufa hajui. Nilimwambia binti yangu peke yake, usiku mmoja umeme umekatika, kwa sababu nilihofia nikianguka ghafla hatajua dawa ziko wapi. Nilimwambia, hili ni langu na lako. Na yeye hakumwambia mtu, Mheshimiwa. Aliliandika tu akalifunga kwa utepe. Sasa shule nzima inajua, na wengi wa wasichana wale mama zao ni wa mtaa wetu. Wateja wamepungua. Huenda ni kwa sababu bei ya unga imepanda nami nikapandisha, siwezi kuapa. Lakini yuko mama aliyekuwa akichukua mahamri kumi kila asubuhi kwa miaka minne, na siku hizi hupita ng'ambo ya barabara akitazama simu yake.

Binti yangu alinipigia siku ile kwa simu ya matroni. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama, nisamehe." Yeye ndiye aliyeomba radhi. Mpaka leo hakuna mtu mzima yeyote aliyeniambia neno hilo.

Mimi si mwanasheria. Kijana wa jirani anayesomea sheria alinifungulia Katiba yetu ya 2010 akanisomea Kifungu cha 31, nikamwomba arudie. Kinasema kila mtu ana haki ya faragha: asipekuliwe mwili wake, nyumba yake wala mali yake, vitu vyake visitwaliwe, habari za jamaa yake na mambo yake ya ndani zisitakwe wala kufichuliwa pasipo sababu. Nikamuuliza, na mtoto wa shule naye ni kila mtu? Akanionyesha Sheria ya Watoto ya 2022, nayo yakataza mtu kuingilia ovyo faragha ya mtoto. Akanionyesha na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, kinachokataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kiakili. Halafu akanisimulia ya msichana wa shule ambaye polisi walimvua nguo mwaka 2015 wakitafuta bangi, picha zake zikaenea mitandaoni. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2017 kwamba haki zake za utu na faragha zilivunjwa, akapewa fidia ya shilingi milioni 4. Wale walikuwa polisi, watu waliopewa kazi ya kupekua. Sasa mwalimu na matroni, wao wamepewa na nani?

Najua utaniambia shule haziwezi kukaa bila msako. Nakubali, tena kwa moyo wote. Mimi ni mzazi wa bweni na kila nikisikia moto umewaka shuleni miguu hunilegea. Nawakumbuka wavulana 67 walioteketea bwenini Kyanguli mwaka 2001, na wale watoto 21 wa Endarasha, Nyeri, mwaka 2024. Kiberiti kitafutwe. Petroli itafutwe, na kisu, na bangi. Sanduku lifunguliwe mwenyewe akiwa amesimama pale, mbele ya mwalimu wa kike na mwenzake wa kushuhudia, ziandikwe sababu na kilichochukuliwa, mzazi apigiwe. Akishukiwa mtoto mmoja, aitwe huyo mmoja. Lakini kiberiti hakifichwi ndani ya maandishi ya mtoto. Na simu ya mwalimu si moto wa kuwatoa watoto wa bweni zima vitandani na kuwavua nguo.

Kwa nini wanafanya hivi, mimi nadhani ni hofu. Mwalimu mkuu anaogopa shule isichomwe mikononi mwake, walio chini yake wanamwogopa yeye, na hofu yote hiyo humwagikia mtoto. Pia nimesikia kwamba foleni ile ilianza na wasichana wenye salio la karo. Sina hakika nalo, ila wangu alikuwa wa tatu kwenye foleni na nadaiwa shilingi elfu kumi na moja. Naomba uliulize.

Mheshimiwa, wewe jambo hili ulilijua kabla yangu. Siku ya wazazi mwaka jana ulisimama chini ya mwarobaini pale shuleni, mama mmoja akakuuliza kuhusu misako ya langoni, mabinti wanavyofunguliwa masanduku mbele ya wanaume waliowasindikiza. Ulimjibu vizuri sana. Ulisema kabla muhula haujafungwa shule zote za kaunti zitapata maagizo ya maandishi, nini kipekuliwe, nani apekue, na nini kisiguswe kabisa. Ukatoa daftari lako jeusi ukaandika, nami nilikuwa safu ya pili, nikakuona ukiandika. Tulikupigia makofi. Mihula miwili imefungwa tangu siku ile. Laiti karatasi ile moja ingetoka, mwalimu yule angejua kwamba daftari la mtoto halifunguliwi paredini.

Nilitaka kukuomba mengi. Maagizo yatoke. Mwanamume asikae karibu na mabinti wanapopekuliwa. Mtoto asivuliwe nguo, kwa sababu yoyote, na yeyote. Aliyesoma ukurasa ule aitwe ajieleze mbele ya bodi nami nikiwepo. Yote haya bado nayataka, na wazazi wenzangu wanayataka.

Lakini kwanza nipe daftari. Nimekwenda shuleni kulidai nikaambiwa liko kabatini kama ushahidi, na nilipouliza ushahidi wa nini, nikaambiwa nimwone mkubwa kwa miadi. Miadi sikupewa. Kurasa zilizobaki mwanangu hajui ni nani anazisoma, na usiku halali kwa kuwaza hilo. Aniuliza kila akipiga simu, "Wamekupa, mama?" Namwambia kesho.

Agiza lirudi, Mheshimiwa, likiwa na kurasa zake zote na utepe wake. Usilitume kwa karani wala kwa mwanafunzi. Nitakuja kulichukua mwenyewe, siku na saa utakayosema, hata nikiacha mahamri kwenye mafuta.

Jina langu na namba yangu ya simu viko kwenye zile barua mbili zilizo ofisini mwako.

Wako kwa heshima,
Mzazi wa kidato cha tatu