Wakio, hiyo miti usiikate kwanza

Wakio besti,

Sasa, uko poa huko Wundanyi? Mama mguu umepona? Huku Nairobi ni baridi tu, Kangemi wiki nzima hatujaona jua. Nilitaka kukupigia lakini haya mambo nikiyasema kwa simu nitayachanganya, wacha niandike.

Tangu uniambie mnataka kufyeka ile miti ya chini kwa shamba la marehemu mzee mpande blugamu, sijatulia. Si unakumbuka Disemba tukiwa msitu wa Ngangao, yule kijana wa kututembeza akatuambia tunyamaze, tukasimama kwa ukungu karibu saa nzima mimi nikilia baridi, halafu kwa vichaka chini kabisa kakatokea kale kandege? Kadogo kushinda shomoro, koo jeusi, tumbo jeupeupe, na yale macho meupe. Kakarukaruka vitawi kakichungulia chini ya majani, kakadona kiwavi, kakapotea. Mimi bado nakaona.

Wakio, hako ni apalisi wa Taita na hakapatikani popote pengine duniani, ni kwa hiyo milima yenu tu, na wanaowahesabu wanakadiria wamebaki kama 100 hadi 150. Hao hawajai hata basi tatu! Jumatano nilienda na wale watu wa kuangalia ndege wanaoanzia pale Museum asubuhi, mzee mmoja akanieleza vile msitu umebaki vipande vipande, Ngangao huku, Mbololo kule, Vuria kule, katikati mashamba, na kandege kama hako hakawezi kuvuka mahali peupe hivi hivi. Kanaishi kwa vichaka, wadudu wake wako huko. Sasa mkifyeka chini, hata mkiacha miti mikubwa, katakula nini? Na chini ya blugamu unajua mwenyewe hakuoti kitu cha maana.

Najua ni karo ya Mghoi inawasukuma, sikulaumu hata kidogo. Lakini blugamu si zinaweza kupandwa kule juu kando ya barabara, pale mahindi yalikataa? Huku chini kwa mto muache vile mzee aliacha. Mimi nitaongezea kitu kwa karo, si nyingi, lakini kila mwisho wa mwezi.

Ijumaa ijayo nakata tiketi ya SGR hadi Voi, nipande matatu nije tukae na Mama tuongee. Tafadhali mwambie mwenye pawa so angoje nifike.

Nisalimie Mama sana.

Wako,
Njeri